Mtaala Uliopita Dirishani

Alhamisi, katikati ya Julai. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nguo nilizoanika juzi bado zina unyevu, na nimechemsha chai mara tatu bila ya kuwa na mtu wa kumpa. Zaidi ya miaka miwili, saa kama hizi jikoni kwetu kulikuwa na darasa. Leo kuna sufuria tu.

Atu amerudi shule.

Ni habari njema, najua. Binti yangu ana miaka kumi na moja, kifua kimetulia, na wiki ya pili hii anaondoka na wenzake wa mtaa wetu wa Ibighi, hapa Tukuyu, akiwa amejifunga skafu mpaka puani. Pumu ndiyo iliyomtoa shuleni akiwa darasa la tatu. Daktari alisema asitembee kwenye baridi ya asubuhi mpaka kifua kikae sawa. Mwalimu mkuu akatusikiliza, akasema jina libaki, mtoto aje kufanya mitihani tu, mengine tuyafanye nyumbani. Tulidhani ni muhula mmoja.

Nilimwombea arudi shule kila siku. Sasa amerudi, na mimi nazunguka humu ndani nikipangusa meza ambayo haina vumbi.

Leo asubuhi, kwenye kundi letu la akina mama wanaofundisha nyumbani, mama mmoja kijana ameuliza mtaala upi ni mzuri aununue. Nikamjibu kwamba inategemea na mtoto, nikaweka na kapicha ka ua. Jibu la mtu asiyetaka kusumbuliwa. Jibu lenyewe ni refu, ngoja niliandike hapa.

Sisi tulianza na katoni. Familia moja ya wageni ilikuwa inahama, ikatuachia vitabu vya mwaka mzima, vya rangi, vimepangwa wiki kwa wiki mpaka ya thelathini na sita. Nilijiona nimeokota almasi. Wiki ya tano kitabu kikamtaka mtoto atoke nje akusanye majani yaliyogeuka mekundu kwa sababu baridi inakaribia. Atu alitoka, akarudi na jani la mgomba. Kijani, limechanika, lina maji. Akaniuliza kwa nini baridi ya kwetu haipaki majani rangi. Kufika wiki ya tisa alikuwa analia akiiona ile katoni.

Nikampa Mama Swaumu, mshonaji wa mtaa wa Msasani wa hapa hapa Tukuyu, ambaye naye alikuwa anawafundisha pacha wake nyumbani. Sikutegemea kitu. Kumbe kwake ikashika kama gundi. Wale watoto wanapenda kitu kilichopangwa. Wamezoea madrasa, wanajua saa ya kukaa na saa ya kuinuka. Nilipomuuliza Mama Swaumu alifanyaje kwenye kurasa za theluji, alisema theluji nayo kaiumba Mungu, waache waijue. Wakaimaliza katoni yote, yeye akiwa kwenye cherehani hapo hapo pembeni.

Kuna na baba mmoja wa Kiwira, fundi umeme, aliyemlipia mwanawe masomo ya video. Mtoto aligundua kwamba akibonyeza majibu yote manne, moja litakuwa la kijani na somo litasogea. Kabla muhula haujaisha alikuwa amemaliza darasa zima na hajui chochote. Baba akafunga kompyuta, akamrudisha shule. Tulicheka sana kwenye kundi, ila mimi sikuwa na haki ya kumcheka mtu.

Kwa sababu baada ya katoni nilifanya kioja changu. Nilichukua vitabu vya kawaida vya shuleni, nikaamua sasa nyumba iwe shule kwelikweli. Nilimvalisha mtoto sare. Nikagonga kengele kwa kijiko na kifuniko cha sufuria. Alikuwa ananyoosha kidole kuomba kwenda chooni, choo cha kwao. Na nilikuwa nafoka. Naliandika hili kwa aibu: nilimfokea mtoto mgonjwa kwa sababu niliogopa watu watasema nimemharibia masomo.

Hapo ndipo baba mkwe alipoingia. Au niseme, hapo ndipo alipokohoa.

Kwa asiyejua mila za kwetu: Mnyakyusa wa zamani hakutani uso kwa uso na mke wa mwanawe. Mke huyo akimwona mkwewe anakuja, anatoka njiani na kufunika kichwa mpaka apite. Hawakai chumba kimoja wala hawasemeshani. Siku hizi wengi wameacha, wanakula meza moja na kupiga picha pamoja. Baba mkwe hakuacha. Nilipoolewa alimtuma mume wangu aniulize kama nitaweza, nikasema nitaweza, kwa sababu mama yangu naye alifanya hivyo kwa babu yangu. Miaka kumi na mitatu sijawahi kumtazama usoni. Namjua kwa kikohozi, kwa fimbo, na kwa mgongo wa koti la kahawia.

Nyumba yake na yetu zimepeana migongo. Kibaraza chake cha nyuma kiko hatua chache kutoka dirisha la jiko letu, katikati kuna migomba mitatu. Alikuwa mwalimu miaka mingi, na si wale wa kubembeleza. Wanaume wengi wenye mvi mjini hapa wanakikumbuka kiboko chake kwenye viganja vyao. Kumbe kila siku alikuwa anasikia darasa langu lote, na kengele ya kifuniko pia.

Siku hiyo nilikuwa namfokea Atu kwa hesabu ya kugawanya. Kikohozi kikaja. Kisha akamwita mtoto, na baada ya muda mtoto akarudi na ujumbe: jibu lilikuwa sahihi, aliyekosea ni mimi.

Nikahesabu upya. Ilikuwa kweli.

Kuanzia hapo tukawa na mtaala wa ajabu ambao sijauona kwenye katoni yoyote. Babu alikaa kibarazani kwake, mimi jikoni kwangu na pazia limeshushwa, na Atu akawa anapita katikati ya migomba kama mtu wa posta. Babu alimpa kopo la maziwa na rula, akamwambia apime mvua kila ikikatika, aandike. Tukuyu mvua si kitu cha kutafuta. Kwenye hilo kopo walipata kujumlisha, wastani, sehemu na desimali, mpaka jiografia. Kila Ijumaa Atu aliandika barua ya kweli kwa shangazi yake wa Kiwira, na babu hakusahihisha kitu; alisema shangazi asipoelewa ataandika kuuliza. Shangazi aliandika kuuliza mara nyingi mno mwanzoni. Swali gumu babu hakulijibu siku ile ile, alimwambia mtoto alale nalo.

Na mimi nilisikiliza. Nilimenya viazi taratibu ili kisu kisipige kelele. Nilijifunza kunyamaza baada ya kuuliza swali, kumpa mtoto muda wa kuwaza. Hilo hakunifundisha mtu, nililisikia tu dirishani, ule ukimya mrefu, halafu sauti ndogo ya Atu ikianza, aa, nadhani...

Tukaanza kutumiana ujumbe, mimi na yeye. Nilimtuma Atu aulize nifundishe nini jioni, naye akaleta jibu. Mara nyingine Atu alileta na maneno ya ziada. Babu anasema umejitahidi leo. Babu anasema uji ulikuwa mzuri. Na siku moja, mwaka jana wakati wa viazi, alisimama mlangoni na kopo lake mkononi akasema: "Babu anasema wewe ni mwalimu."

Sina cheti cha chochote. Niliishia kidato cha pili. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi niliposifiwa nilianza kuamka mapema kuandaa somo. Neno hilo lilinibeba mwaka mzima.

Kabla ya Pasaka macho yake yalizidi kuwa mabaya, presha ya macho, akapelekwa kwa wifi yangu Kiwira, anayeishi karibu na gari la kwenda hospitali Mbeya. Kibaraza kikabaki na kiti. Muhula huu Atu naye akaondoka. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja na mwalimu mwenza mmoja, wote wawili wamekwenda, na nimewakumbuka kiasi kwamba juzi nilijikuta nimeshusha pazia la jikoni mchana, kwa mazoea, huku nje hakuna mtu.

Sasa jana.

Jana jioni tunachambua maharage, Atu ananisimulia mambo ya shule, akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza kuna nini. Akasema siku hizi anachoka kidogo kwa kuwa habebi tena maneno ya watu. Akaniambia babu alikuwa mkali sana, mama, kwa hiyo mengine nilikuwa nayatengeneza. Akisema mwambie mama yako ana haraka, nilikuja kusema babu anasema umejitahidi. Na wewe ukisema mwambie babu asiniingilie, nilienda kusema mama anashukuru.

Nilicheka naye. Mikono iliendelea na maharage. Kisha nikauliza kama vile naulizia chumvi: na ile siku aliyosema mimi ni mwalimu?

Atu akafikiri. Nilimpa muda, kama nilivyojifunza. Akasema, "Hiyo sikumbuki, mama. Labda alisema. Labda mimi."

Basi tangu jana sina raha. Ni jambo dogo, mtu mzima hapaswi kuumia kwa jambo kama hili. Lakini kama ni maneno ya mtoto wa miaka kumi aliyetaka tu mama yake asifoke, basi mwaka mzima nimesimama juu ya kitu kisichokuwepo. Na wa kumuuliza ni mmoja, na ndiye mtu pekee duniani nisiyeweza kumuuliza. Kumtuma mume wangu siwezi, atacheka mpaka Krismasi. Kumtuma Atu, ndiyo hivyo tena.

Leo saa sita nilimpigia wifi kumjulia hali ya mzee. Sikuwa na mpango wowote, au nilikuwa nao sikutaka kujiambia. Wifi alipokea na ugonile zake, salamu ya kwetu, akaniambia anageuza ndizi jikoni, ngoja aweke sauti kubwa. Akaiweka simu mahali. Nikasikia sufuria. Kisha nikasikia wifi ametoka, anazungumza na mtu nje.

Kisha nikasikia kikohozi.

Nilijua kwamba yupo hapo hapo, na yeye alijua ni mimi, kwa sababu wifi alikuwa ametaja jina langu. Mila haikuwahi kusema chochote kuhusu simu. Nilipaswa kukata. Kidole kilikuwa pale pale juu ya kitufe chekundu na sikukata, na yeye hakumwita binti yake aje aichukue.

Halafu akasema, kwa ile sauti ya ubaoni:

"Atu, mwulize mama yako kama mvua bado inapimwa."

Atu yuko shule. Atu yuko darasa la tano anasoma Kiingereza. Nilitazama mlangoni, kweli nilitazama, kama vile mtoto angetokea.

Nikafunika kichwa kwa kanga, peke yangu jikoni. "Atu, mwambie babu yako haipimwi. Tangu aondoke, haipimwi." Sauti ilinitoka nyembamba. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamaliza. "Na umwulize babu. Kama kuna siku alisema mama yako ni mwalimu."

Hakujibu upesi. Hajawahi kujibu upesi.

"Atu, mwambie mama yako hilo sikulisema."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilihisi huzuni ile ya kitoto kabisa, ya kunyang'anywa kitu mkononi.

"Mwambie," akaendelea, "mwalimu hamsifu mwalimu mwenzake kupitia kwa mwanafunzi. Haifai. Anasubiri mpaka watoto watoke."

Watoto wametoka. Ndiyo maana nyumba iko hivi. Nilikaa na simu sikioni, machozi yakinitiririka mpaka kwenye kanga, na upande wa pili namsikia anapumua, anasubiri kama anavyosubiri mtoto anayefikiri.

"Atu," nikasema mwishowe, "mwambie babu yako nimemkumbuka."

Mlango wa kule ukalia, sufuria ikasogezwa, wifi akaichukua simu akaniomba radhi, alikuwa anaongea na mwenye mkaa. Akauliza kama bado nipo.

"Nipo, wifi," nikasema.

Yule mama kijana wa kwenye kundi bado anasubiri jibu. Nitamwandikia vizuri kesho, nitamwambia na habari za katoni. Na Jumanne nitapiga tena Kiwira, saa sita, wakati ule ule wifi anapogeuza ndizi.