Mstari wa Nne wa Fomu

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha kwanza na watafiti. Chama chetu cha wazazi sasa ni "mshirika" — neno tamu. Kazi yetu: kuwaleta wazazi wasaini, damu na uboho wa ndani ya mifupa ya watoto vihifadhiwe, ichunguzwe kwa nini saratani ya damu huwarudia wengine na wengine haiwarudii. Jambo jema. Nalitaka kuliko wao. Binti yangu ilimrudia akiwa na miaka sita, na daktari akaniambia hajui kwa nini.
Lakini fomu ina kurasa kumi na moja! Na ukurasa wa tisa: wazazi hawatapewa majibu. Nikauliza. Profesa akasema kwa upole kwamba yatawachanganya. Mwenyekiti wetu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikauliza tena.

Alhamisi, 6 Machi
Wodini. Mama Pacha — pacha mmoja mzima, mwenzake yuko kitanda cha dirishani — akanionyesha fomu. Kaambiwa ni ya kawaida tu.
"Dada, wewe umeisoma. Angekuwa wako, ungesaini?"
Ningemdanganya vipi? Nikasema hapana, si hivi ilivyo. Na kwamba matibabu ya mtoto hayaguswi, asaini asisaini. Kufikia saa sita, kina mama saba wamerudisha fomu tupu. Muuguzi kanuna: nawavunjia kazi, kila sampuli isiyohifadhiwa leo imepotea. Ana hoja. Hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Mwenyekiti kapiga simu. Profesa anasubiri hadi Jumatano, kisha anakwenda kwa chama kingine. Eti nimelikoroga, nilinywe. Nitalinywa!
Mume wangu kanisikiliza huku anapiga pasi shati. Mwisho akasema: "Kichwa chako kigumu kama jiwe la kunolea. Usikilainishe sasa."

Jumamosi, 8 Machi
Cherehani imefunikwa, wateja watanisamehe. Kina mama wanne mezani kwangu. Kurasa kumi na moja zimekuwa mbili. Mstari wa nne: majibu yatarudi kwa mzazi, kwa lugha anayoielewa.
Hodi mlangoni — muuguzi. Kazisoma kurasa zetu, katusahihisha: tumeandika "uti wa mgongo" mahali pa "uboho". Kisha akaomba kiti.

Jumanne, 11 Machi
Nimekwenda maabara mwenyewe, bila miadi. Profesa hakunifukuza. Kanifungulia jokofu la baridi kali: visanduku vimepangwa vizuri, vingi vitupu. Nilielewa.
Akasoma kurasa zetu amesimama. Mara mbili. Akachukua kalamu, akakata mstari wa nne. Kamati ya maadili itachukua miezi kuupitisha, akasema, na majibu mengine hayana maana kwa mtoto mmoja mmoja.
Nikachukua kalamu ileile, nikauandika upya chini yake.
"Basi tuambieni kwamba hayana maana. Hilo nalo ni jibu."
Ubaridi wa jokofu miguuni.
"Profesa, wangu hakupona. Sikuja kudai shukrani. Bila nyinyi hatutajua kitu, na bila sisi hamna cha kupima."
Nikaondoka kabla machozi hayajaniumbua. Ngazi zote sikuzihesabu, nilijikuta tu nje, nimekumbatia mkoba.

Jumatano, 12 Machi
Saa nne asubuhi, ukumbi mdogo wa wodi. Naandikia mapajani. Kina mama wote saba wapo. Mwenyekiti hanitazami.
Profesa kaingia, peke yake. Karatasi alizoshika ni mbili. Zetu! Mstari wa nne umebaki au umekatwa — kutoka hapa sioni, na sitasimama kuchungulia.
Hakwenda kwenye kiti cha mbele. Kajibana kwenye benchi, kati ya Mama Pacha na muuguzi. Anasoma kwa sauti. Mstari wa kwanza.
Mama Pacha kamgusa mkono. "Hapo sijaelewa. Rudia."
Anarudia.