Nimsifu Mzee Haddam au Nimseme?

Shangazi Opal mpendwa, nakuomba unisikilize maana nimekwama kabisa. Mimi ni mwandishi wa riwaya za upelelezi hapa Los Angeles, na Jumamosi mchana wenzangu wananipa tuzo, na desturi yetu ni kwamba mshindi husimama akasoma ukurasa mmoja wa marehemu Royce Haddam, yule aliyetuletea mpelelezi wa kofia na ulimi mkali, kisha wote tunamwinulia glasi za wiski, na hapo ndipo roho inaponiuma, kwa sababu Haddam ndiye aliyenifundisha sentensi fupi inayokata, nampenda, lakini kila mwanamke wake mrembo ni mwongo na lazima afe, na sisi Wameksiko wa mtaa wa Boyle Heights kwenye vitabu vyake tunaosha vyombo au tunachomoa visu, hata majina hatupewi. Nimeandika hotuba mbili, moja ya sifa tupu, nyingine ya kumzika upya. Mwenzangu Dexter ananiambia, "Lorena dada'angu, marehemu hasemwi. Kunywa wiski yako ukae." Nikinyamaza nitajidharau, nikisema nitaonekana sina shukrani. Nifanyeje?

Lorena Quiñones

Lorena mwanangu, pole, ila umenichekesha. Mwandishi wa upelelezi mzima unamweka babu yako wa kalamu kizimbani, unataka awe mtakatifu au mwuaji, basi! Wahusika wako mbona huwaandiki hivyo? Na huyo Dexter mwambie marehemu hasemwi matangani. Huyu bado anauzwa madukani, na kinachouzwa husemwa.

Chana hotuba zote mbili. Soma ukurasa wake unaoupenda kuliko yote, usome kwa mapenzi. Kisha soma ule ambamo anamuua mwanamke asiye na jina. Kisha soma wako. Usieleze kitu, walioko pale si watoto. Na uvae nyekundu.

Opal

Shangazi, nimefanya! Niliposoma ule wa pili, watu wakaweka glasi zao za wiski mezani. Nikasoma wangu, ambamo Remedios, muosha vyombo, ndiye anayemnasa mwuaji. Watu wakasimama, Dexter wa kwanza, anapiga meza kama mwehu! Kisha mzee Vance Tolliver, rafiki wa Haddam tangu ujana, akaja na fimbo yake mpaka mbele yangu.

"Binti, Royce angekuchukia," akasema. "Halafu angekwenda nyumbani akakuibia kila sentensi."

Lorena