Maksai kwa Mashine ya Risasi

Discovery Gardens, Dubai
4 Agosti 2013

Mpwa wangu Marietha,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Mimi ni mzima, joto tu ndilo linatukaanga. Juzi nilipasua yai juu ya boneti ya gari la sir mmoja, ndivyo tunavyowaita wakubwa hapa, nikalila na chapati. Magoti yako je? Na mdogo wako Josephat?

Nimesikia bado unanunua risasi dukani Mpanda, za kulinda mahindi na nguruwe pori. Nilicheka mpaka wenzangu chumbani wakadhani homa imenipanda kichwani. Karne hii mtu ananunua risasi nzima nzima, kama tajiri! Marehemu shemeji, baba yako, alikuachia bunduki, akasahau kukuachia na akili yake.

Sikiliza watu wa dunia wanavyofanya. Hapa klabu ya shabaha, ambako maganda yote ya risasi yako chini ya mamlaka yangu, kuna sir mmoja hanunui kitu. Risasi ikishalia, ganda linabaki. Analiokota, analitia fataki mpya, baruti na kichwa, anabana kwa mashine, yalla, risasi mpya. Ganda ndilo lenye gharama, na ganda ni la bure! Juzi sheikh mmoja alikuwa analenga sarafu inayorushwa juu, anakosa tu. Akaniita mimi, si meneja. Nikamwambia, arbab, yaani bosi wangu, weka hizi za kujazwa nyumbani. Aliipiga ikashuka na tundu katikati. Mpaka leo ameivaa shingoni.

Sir anahama, mashine anaiuza. Bei yake ni sawasawa na maksai wako wawili, na hapo nimeshamkaba sana. Uza, tuma hela. Hutanunua risasi tena mpaka unazeeka.

Mjomba wako,
Ignatius

Inyonga
1 Septemba 2013

Mjomba, shikamoo.

Nashukuru kwa kuniulizia. Magoti bado yananisumbua. Josephat hajambo, anakula, analala, anakusifia.

Mjomba, unadhani mimi napiga risasi ngapi? Msimu mzima hazifiki kumi. Ya kwanza tu ikilia, nguruwe wote wanahamia kwa jirani. Risasi zangu za mwaka ni bei ya mbuzi mmoja, tena aliyekonda. Wewe unataka niuze maksai wawili ili niokoe mbuzi. Huyo sir wako anapiga risasi kama mtu anayetafuna karanga, kwa hiyo labda yeye anaokoa chochote, ingawa naona anachookoa leo anakipiga tena kesho. Na hiyo baruti nitainunua wapi, kwa muuza chumvi? Mvua ikinyesha nitalima na nini?

Halafu Anna, yule aliyekuwa hotelini Al Barsha hukohuko Dubai, yuko hapa likizo. Anasema mamlaka yako juu ya maganda ni ufagio.

Maksai hawauzwi.

Mpwa wako,
Marietha

Discovery Gardens
28 Septemba 2013

Marietha,

Salamu utazipata siku ukipata adabu. Afya yangu haikuhusu, ila ni nzuri sana.

Ati ufagio! Anna kazi yake ilikuwa kutandika vitanda vya watu, leo amekuwa hakimu. Mwambie nikikosa siku moja tu hapa, maganda yanafika magotini, masheikh wanateleza. Meneja mwenyewe alisema, Ignatius usiugue.

Na wewe, mtu anakuletea habari ya silaha, unamjibu habari ya mbuzi. Ndiyo maana mko hapo mlipo. Mnahesabu mbuzi tangu Uhuru, mmepata nini? Hata barua yako inanuka zizi.

Bunduki inataka mwanaume. Nimeshamwandikia Josephat, naye kaelewa upesi kuliko wewe na darasa lako la saba. Maganda nimeanza kukusanya, gunia zima. Nitayatuma pamoja na mashine kwa mizigo ya kontena kutoka Al Ras. Khalas, mjadala umefungwa.

Mjomba wako, upende usipende,
Ignatius

Inyonga
15 Desemba 2013

Mjomba, shikamoo. Hiyo naiandika kwa heshima ya mama aliyenizaa, dada yako. Ingekuwa kwa heshima yako, karatasi ingebaki nyeupe.

Nilikwenda Mpanda kutibiwa magoti. Niliporudi, zizi lilikuwa tupu. Josephat aliwaswaga maksai mnadani, akakutumia hela yote, akabakiwa na ya soda. Nimemuuliza kwa nini. Ananijibu, "Dada, mjomba kasema wewe huelewi mambo ya nje."

Mvua imeanza wiki iliyopita. Wenzangu wanalima kwa maksai, mimi na magoti haya nachimba kwa jembe la mkono, huyo mwanaume wako akiwa amelala na homa ya kuogopa kazi. Watu wanapita, "Marietha, maksai wako wako wapi?" Nawajibu, wako Dubai.

Mashine ije haraka. Nataka nione kama inavuta jembe.

Marietha

Al Ras, Deira
10 Januari 2014

Mpwa wangu,

Nakuandikia nikiwa hapahapa kwa wakala wa mizigo, kifua mbele. Mashine imeingia kontena na gunia la maganda chini ya nguo. Wapagazi wanne walishindwa kuinyanyua. Nikawaambia sogeeni, nikajitwika mwenyewe kichwani tangu barabara kuu mpaka stoo, nikipiga mluzi. Wenye maduka walitoka nje kunitazama.

Mahindi ya jembe la mkono ni matamu, acha kulia. Mwakani utakuwa unawauzia risasi wilaya nzima, utajifanya wazo lilikuwa lako. Inshallah nitakusamehe.

Mjomba wako,
Ignatius

Inyonga
30 Machi 2014

Mjomba, shikamoo.

Boksi lilifika tangu Februari. Mashine yako waliyoshindwa wapagazi wanne, niliibeba kwapani.

Gunia nililimwaga sakafuni. Nusu ni maganda ya plastiki, ya bunduki za kulengea visahani. Nusu ni ya bastola, mafupi kama kidole cha mtoto mchanga. Hata moja halikukaa kwenye bunduki ya baba. Miaka yote unayafagia, hukuona kwamba kila bunduki ina ganda lake? Uliona yanang'aa tu, ukazoa.

Nilimpelekea bwana nyama, afisa wa wanyamapori, maana kukaa na vitu hivyo ndani sikuthubutu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kucheka akachukua vyote, akasema leseni yangu ni ya kununua na kupiga, siyo ya kutengeneza, na nishukuru nimevileta mwenyewe kabla ya polisi kuvifuata. Josephat aliposikia neno polisi alikimbilia Sumbawanga.

Kwa hiyo bunduki ya baba nimeiuza. Polisi wameandikisha jina la mkulima mmoja wa Mpanda mwenye leseni. Siku anaichukua sikutoka nje. Nimenunua maksai wawili, bado wachanga. Kwa mahindi nilikuwa nimechelewa, nikawahi alizeti. Nguruwe nawafukuza kwa kupiga debe, na mwaka huu sijanunua risasi hata moja. Mwulize sir wako kama aliwahi kuokoa hivyo.

Maksai mmoja nimemwita Sir. Wa pili ana kelele nyingi, na akifungwa nira anageuka kutazama kama watu wanamwona. Majirani wanasema nimpe jina lako. Sijampa bado. Nangoja nione kama atavuta.

Mpwa wako,
Marietha