Sahani za Futari

Jumatano, 5 Machi
Mchele wa Kibombo umelowa tangu jana. Nimeutwanga, nimetia ndizi mbivu, nimefunika. Tanuri nimeliwasha baada ya alasiri, kwa mkate wa futari tu. Zamani lilikuwa moto tangu alfajiri. Siku hizi siuzi. Nimeachana na Kampuni ya mikate niliyokuwa nikiwauzia, nimewarudishia kibao chenye jina lao, na mkataba unasema: ukitoka, mwaka mzima usifanye biashara ya mkate wa aina yoyote hapa Kindu. Nilitia sahihi mwenyewe. Sawa. Lakini kugawia majirani si biashara.

Ijumaa, 7 Machi
Mwamini, jirani yangu, amerudisha sahani na samaki wawili wakavu. Njo desturi yetu hapa mtaani Mikelenge: sahani ya muntu hairudi tupu. Wakati wa vita treni ilikufa, unga wa ngano hakuna, Kampuni yenyewe ilikimbia. Nililisha mtaa huu kwa mkate wa mchele alionifundisha mama. Hata wakati ule sahani zilirudi na kitu. Siku moja Mwamini alitia chumvi kidogo tu, juu ya jani. Nililia.

Jumatatu, 10 Machi
Kampuni wamenishitaki mahakamani. Mtu wa tribunali amekuja bila hodi, akamkuta Mwamini mlangoni na sahani yangu, ndani yake maharagwe. Akaandika: huyu mama analipwa kwa chakula. Nilicheka. Yeye hakucheka.
Sasa naogopa. Tanuri hili alilijenga marehemu mume wangu, tofali kwa tofali. Wakilifunga, nimebaki na nini?

Alhamisi, 13 Machi
Tribunali. Avoka, wakili wa Kampuni, suti na jasho, akasema: mkate umekwenda, samaki amerudi, hiyo ni bei. Nikamwambia jaji kwamba yule samaki ni adabu. Jaji akasema hata mama yake alikuwa akifanya hivyo. Nikapata moyo. Bure kabisa. Sahihi ni sahihi, kasema. Kugawa naweza. Kupokea, marufuku mpaka mwaka uishe. Nikipokea hata yai, tanuri linafungwa.
Mwamini alikaa nyuma yangu, amesikia yote. Nimerudi na hasira, nimefuturu maji tu.

Jumamosi, 15 Machi
Jana nimepeleka mkate kwa majirani. Leo tena. Hakuna sahani hata moja iliyorudi. Waoga. Mkate wameula, sahani wamekaa nazo. Nawachukia wote, Mungu anisamehe na mfungo huu.

Jumatatu, 17 Machi
Nimekwenda kwa Mwamini kudai sahani, uso nimeukunja. Sahani zangu zote ziko kwake. Majirani wamempelekea azitunze. Zimeoshwa, zimepangwa juu ya kabati, zimefunikwa kitambaa safi. Hakuinuka. Amesema polepole:
"Sahani ya muntu hairudiake bule, dada. Zikae kwangu mupaka mwaka uishe. Siku ile utaona namna zitarudia."
Nimekaa naye mpaka adhana. Nina haya kwa yale niliyoandika juzi, lakini sifuti.

Jumapili, 30 Machi
Idi. Nimeswali, nimerudi, nimewasha tanuri. Bado ni langu. Mkate wa majirani nimeufunga kwenye majani ya mgomba na kuupeleka nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyenipa kitu. Wote wamenishika mkono kwa mikono miwili.
Mchana nimekula wali wangu ndani ya sufuria. Nyumbani hakuna sahani.