Datsun Haiendi Hotelini

Brooklyn Park, Minnesota
Jumanne, mwezi wa nne

Kwa dada yangu mpendwa Jedidah,

Kosa wanalofanya watu wengi kuhusu gari la zamani ni kudhani kwamba likisimama linapumzika. Gari halipumziki. Likisimama, petroli hugeuka gundi ndani ya kabureta, raba za breki hukauka zikapasuka, panya huingia wakala nyaya, na magurudumu hulalia upande mmoja hadi yakapoteza mviringo wake. Gari linaloendeshwa huchakaa, lisiloendeshwa huoza. Ni njia mbili tofauti za kuzeeka, na mimi naiheshimu ile ya kwanza.

Naona nimeanza somo kabla ya kukusalimu. Nisamehe, nilistaafu lakini ualimu haujanitoka. Hujambo, Mama Griffins? Goti lile la kushoto limepoa? Mvua za Kitale zimeanza, au bado mnatazama mawingu tu? Sisi huku hatujambo. Theluji imebaki marundo meusi pembeni mwa maegesho, na chumvi waliyoimwaga barabarani miezi yote hii imekula magari ya watu mpaka milango ina matundu. Lynette bado ni muuguzi katika nyumba ya wazee kule Anoka. Wajukuu nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, na chakula kinaliwa.

Barua hii naiandika kwa mkono, kisha Lynette ataipiga picha akutumie kwa simu, maana Ijumaa haisubiri posta. Griffins ameniarifu kwamba siku hiyo watu wa hoteli moja ya Naivasha watakuja na lori kuichukua ile Datsun ya marehemu shemeji Francis. Wataiweka kwenye ukumbi wa mapokezi, juu ya jukwaa, imulikwe taa, na mbele yake kibao cha shaba chenye jina la Francis, dereva. Anasema baba zake wadogo wameafiki wote, kwa sababu gari la marehemu haliendeshwi na yeyote, na afadhali litazamwe na wageni kuliko kufunikwa turubai. Mwishoni akaongeza kwamba wewe hukusema kitu. Hapo ndipo nilipotafuta kalamu. Nakujua tangu ukiwa mtoto: ukikubali jambo, unasema; ukilikataa, unaondoka kwenda jikoni.

Wala sijui desturi hiyo ilitoka wapi. Siku ile ya tatu baada ya mazishi, mzee aliyesimama kutufariji alisema mengi kuhusu shamba, ng'ombe na watoto. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Kuhusu gari hakusema neno.

Sasa nikueleze nilichokiona mwezi wa pili. Lynette ana mwenzake kazini aitwaye Verona, mzaliwa wa kisiwa cha Barbados, kule Karibiani. Verona alikuwa akienda kumwona mama yake, akamwalika Lynette, na Lynette akasema haniachi nyuma na baridi ile. Nilikataa. Nilikuwa na vitabu vyangu na hita yangu. Akaniambia, "Dad, umekaa ndani tangu Novemba. Hata koti lako halikujui tena." Nikaenda.

Jambo la kwanza lililonigusa kule halikuwa bahari. Ni usukani. Gari lililotupokea lilikuwa na usukani upande wa kulia, likashika kushoto mwa barabara kama nyumbani, na mimi niliyekaa miaka saba nikiendeshwa upande usio wangu nilihisi mifupa yote ikirudi mahali pake. Aliyetuendesha ni mama yake Verona mwenyewe, Bi. Alleyne, mjane wa rika lako, mwembamba, mwenye kofia ya ukindu na maneno machache.

Tulipofika kwake nikaona kando ya jiko Ford Escort nyekundu iliyomzidi Verona umri, ina namba kubwa milangoni. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwamba mume wa Bi. Alleyne alikuwa dereva wa mashindano. Basi nikampa pole kwa adabu zetu, nikamsifu kwa kuitunza vizuri kumbukumbu ya mumewe. Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo halikuulizwa.

"Mume wangu ana kaburi moja tu, nalo liko kanisani," akasema. "Hili ni gari."

Nikalitazama tena. Bampa limepinda, tope bado bichi kwenye matairi. Jumamosi ile alikuwa na mashindano.

Jedidah, natamani ungekuwepo. Kile ni kisiwa kidogo, ukitoka asubuhi na gari unakimaliza kabla ya chakula cha mchana, lakini magari ya zamani ya mashindano wanayapenda kama sisi Kitale tunavyopenda mahindi. Hufunga barabara nyembamba zipitazo katikati ya mashamba ya miwa, na familia nzima hutoka na viti, miavuli, na mikate iliyotiwa samaki wa kukaanga. Vikongwe hubishana kuhusu kabureta. Watoto hutambua gari kwa mlio kabla halijatokeza kwenye kona. Nilimuuliza mzee mmoja kwa nini hawashabikii magari mapya yenye nguvu zaidi. Akanieleza kwamba gari jipya lina kompyuta inayomsahihisha dereva, lakini haya ya zamani husukumwa na magurudumu ya nyuma, hivyo kwenye kona mkia hutaka kukupita, na anayeurudisha ni mtu, kwa mikono yake. Wao huja kutazama mikono. Nami nikakumbuka kwamba ile Datsun yenu pia husukumwa kutoka nyuma.

Bi. Alleyne alipita akiwa amelalisha gari ubavu, miwa ikipigapiga kioo, na kijiji kizima kikimwita kwa jina lake. Lake, si la mumewe.

Kesho yake alinikalisha kiti cha mwelekezi, akanipa karatasi za kumsomea njia, polepole, kwa mazoezi. Kila kona ina namba: moja ni kali sana, sita unapita bila kugusa breki. Mimi nikaanza vizuri. Nikamwambia kwamba kona ijayo ni ya kulia, si kali sana, isipokuwa inajikaza mwishoni, pengine kwa sababu ya ukuta wa shamba. Na kabla sijafika kwenye ukuta tayari tulikuwa tumeupita, na kona mbili nyingine pia. Akasimamisha gari.

"Mwalimu," akasema, "usinieleze. Niambie."

Binti yangu huko nyuma alicheka hadi akalia. Lakini nilijifunza. Tangu turudi huku, kila Lynette anapotoka kazini Jumapili nakaa kando yake kiti cha mbele tukifuata barabara ya mtoni kutoka Anoka kwenda Fridley, nami namsomea: kushoto nne, kulia mbili, nyooka. Hunijibu kwamba simu yake hufanya kazi hiyo bure na haimpigii kelele. Lakini wiki iliyopita, nilipokosea kona moja, alinirekebisha kabla sijajigundua. Naye imemwingia.

Sasa nifike penyewe. Mwaka ule wa mvua kubwa, katika mbio za magari mlizoingia nyinyi wawili, timu zenye magari ya bei zilipozama kwenye tope la bonde la Kerio, Datsun yenu ilipita. Mji mzima ulimpokea Francis, wakambeba mabegani, na wewe ukabaki nyuma ukishusha mizigo. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa waliombeba. Mwaka mmoja kabla hajafariki, Francis alinipigia simu tukazungumza ya zamani, akaniambia kwamba tangu Eldoret siku ile alikuwa ameshikwa na malaria, akitetemeka kiti cha kushoto. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Shemeji, aliyetutoa kwenye tope ni Jedidah. Mimi nilisoma ramani tu, tena niliisoma vibaya." Alisema alijaribu kuwaambia watu, wakacheka, wakidhani ni mume anayemsifu mkewe. Hakuna sheria iliyovunjwa. Katika mbio zile ndefu wawili walipokezana usukani kama walivyopenda. Ni kwamba hakuna aliyefikiri kuuliza ni nani alikuwa ameushika.

Kwa hiyo kibao kile cha shaba kitadanganya, na Francis mwenyewe asingekipenda.

Jana nilimpigia Griffins nikamsimulia yote. Aliniomba nirudie habari ya tope mara ya pili. Kisha akasema, "Anko, kwa nini Mama hakuwahi kuniambia?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Amesema sasa haoni kama gari hilo ni lake la kutoa, wala la baba zake wadogo, na kwamba Ijumaa lori litaondoka na kile utakachosema wewe.

La mwisho ni langu, na Lynette pekee ndiye anayelijua. Narudi nyumbani mwezi ujao, na tiketi niliyokata ni ya kwenda tu. Alilia kidogo, halafu akaanza kupima uzito wa masanduku yangu. Mwezi wa kumi na moja kuna mbio za magari ya zamani zitakazoanzia Eldoret. Nimeomba nafasi kwa majina mawili: dereva Jedidah, mwelekezi Wanjala. Sitakuficha kwamba nilifanya hivyo bila ruhusa yako. Ukitaka kukataa, nikatalie kwa mdomo wako, nami nitayaondoa majina yote mawili na tutakunywa chai. Lakini usiniambie umri. Bi. Alleyne ana goti kama lako, na hulikanyagia klachi.

Lynette na watoto wanakusalimu sana. Nisalimie Kendi, mkamwana wako, na umwambie kikapu chake kilifika salama. Wasalimu pia shemeji zangu, ndugu zake Francis, kwa heshima zote. Wajue kwamba sikubaliani nao, na kwamba nitakuja kuwaambia nikiwa nimeketi sebuleni kwao. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi kaka yako,
Wanjala

Fundi atakuja kesho asubuhi, nimeshazungumza naye. Leo, kabla maduka hayajafungwa, nenda ununue betri.