Sentensi ya Babu Albano

Shikamoo Bi Mwanakombo. Nakusoma gazetini kila wiki, niko kidato cha tatu, naishi Mwananyamala, na sijawahi kumwandikia mtu mkubwa barua, kwa hiyo naomba unistahimili.

Mwalimu Edgar wa Kiingereza alitupa neno "look", akasema tulitafutie ndugu zake wote wa Kiswahili, kila ndugu na sentensi yake. Niliipenda mno kazi hiyo, nikakaa barazani siku nne nikiwaandika wapangaji wenzetu: Mama Clara anavyoikagua ndoo yake jirani akiirudisha, Twaha anavyomtupia jicho Vaileth akienda bombani kisha anajifanya anafunga kamba za viatu na huku amevaa kandambili, mama yangu anavyonikazia macho mbele ya wageni nikigusa nyama ya tatu. Nilishangaa kwamba hakuna wawili wanaotazama sawasawa.

Ndipo nikafika kwa Babu Albano, mchonga vinyago wa chumba cha mwisho, nikakosa neno. Yeye hukisogeza kinyago mpaka kiguse pua, halafu hufumba macho na kukipapasa. Siku hiyo aliniuliza, "Mjukuu, hapa nimetoa sikio au kidevu?" Nikamwambia ni sikio. Akasema, "Basi yaishie hapa hapa. Ferdinand akijua atanirudisha Newala nikakae kama gunia." Ferdinand ni mwanawe.

Nami nikayaandika yote, na jina lake, kwa sababu ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote. Sasa mwalimu ameichagua isomwe siku ya wazazi, mwisho wa mwezi, na Ferdinand atakuwepo kwa kuwa binti yake Anjelina nasoma naye. Nikiomba ifutwe nitaulizwa kwa nini, na nikibadilisha jina, mchonga vinyago mtaani kwetu ni huyo mmoja. Nifanyeje? Na je, kutazama kwa namna ile kuna neno lake?

Mwenye Daftari, Mwananyamala

Marahaba, Mwenye Daftari.

Mzee alikupa siri, wewe ukasikia sentensi. Hilo ndilo kosa lako, nalo linarekebishika. Kesho mwambie Mwalimu Edgar, "Ile niliiandika bila ruhusa ya mwenyewe." Akiuliza zaidi, rudia maneno hayo hayo. Mpe ya kandambili badala yake, ila Twaha naye umwombe kwanza.

Lakini umenishangaza, mwanangu. Barua nzima unahofia sentensi kusomwa, na hujauliza hata mara moja kama mzee ameonwa na daktari wa macho. Anashika patasi huku hawezi kuviona vidole vyake. Huenda ni mtoto wa jicho, ambaye hutolewa mtu akaona tena. Huenda ni jambo jingine. Si mimi wala wewe wa kujua.

Nenda kwake leo. Sema, "Babu, niliandika, naifuta, nisamehe." Akishakusamehe, jitolee kumsindikiza kliniki. Kwa Ferdinand usiende. Hayo atayasema baba mtu mwenyewe. Akikataa kliniki wiki mbili, mshirikishe mama yako, na babu ajue kabla hujafanya hivyo.

Neno unalolitafuta sinalo. Acha mstari huo wazi, umwulize mwenyewe mkiwa kwenye benchi mnasubiri kuitwa. Akikutajia, usiandike kwanza. Omba.