Alama Niliyoiweka Kwenye Chemchemi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mawingu asubuhi, baridi kidogo. Mvua bado.

Nimerudi ofisini baada ya matanga ya mjomba kule Chekalini. Abigail alikuwa amenifutia meza na kuniwekea chai. Rafiki ni huyo! Tangu fomu wani tuko pamoja, na kazi hii ya ramani ni yeye aliyenitafutia.

Ramani ya mahali pa kujenga vituo vya petroli imekamilika. Nyekundu ni mahali pasipofaa: karibu na shule, hospitali, maji ya kunywa. Kijani ni salama. Jumatano ijayo, tarehe 12, nitaieleza mbele ya wananchi Navakholo. Mimi!

Saa tatu na nusu. Nalala.

Alhamisi, 6 Machi

Jua kali tangu saa mbili.

Nimekagua ramani kabla haijachapishwa. Chemchemi ya kina Mama Sylvia haina duara nyekundu. Ploti iliyo juu yake kwenye mteremko, hatua sitini tu, ni kijani. Nilidhani ni macho yangu. Nimefungua fomu ya chemchemi hiyo kwenye kompyuta: "Maji ya msimu." Kompyuta haihesabu maji ya msimu.

Lakini niliandika "ya kudumu"! Daftari langu hili hapa: 23 Januari, kiangazi, ndoo ya lita ishirini imejaa kwa sekunde arobaini na moja. Abigail ndiye aliyeshika ndoo. Mimi nilishika saa.

Siku ile Mama Sylvia alitusimamisha, kikombe mkononi. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama wanaosafisha chemchemi kila Jumamosi. Eti watu wakikujanga hapa na vipimo, kinachofuata ni seng'enge tu. Nikamwambia, Mama, nikiweka alama hapa hakuna atakayegusa maji yenu. Akacheka. Basi kunyweni kwanza, mjue mnachopima. Tukanywa, mimi na Abigail, kikombe kimoja.

Familia sabini. Tangi la petroli huchimbiwa chini. Likivuja, mafuta yanateremka moja kwa moja kwao.

Saa tano. Usingizi hauji vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Ukungu hadi saa tatu.

Kompyuta huweka kumbukumbu ya kila badiliko. Hii hapa: 27 Februari, saa tano na dakika nane asubuhi. Aliyebadilisha: Jael.

Mimi! Saa tano siku hiyo nilikuwa Chekalini, ungo mapajani, nachagua mchele wa matanga. Paswadi yangu nilimwachia mtu mmoja tu, atume ripoti kwa niaba yangu.

Nimetafuta kwenye simu. 27 Februari, saa tano na robo, ujumbe wake: "Pole sana dada. Usijali kazi, nimekushikia."

Dakika saba baadaye.

Sijala.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza, alfajiri. Harufu nzuri ya udongo. Sikuifurahia.

Nimemuuliza Abigail kwenye ngazi. Nilitaka akatae — hakukataa. "Jael, wacha hiyo maneno. Ni alama moja kati ya mia mbili." Ploti ni ya shemeji yake, anataka kujenga kituo. Nikamwambia, ulikunywa yale maji. Akarekebisha mkoba begani. "Ramani imeshachapishwa. Na ukisema, utaanza kwa kueleza ulinipa paswadi kwa nini. Unajua hapa mtu hufutwa kwa hiyo." Alisema polepole, kama mtu anayenishauri. Halafu akaniuliza kama nimekula!

Ni kweli, hufutwa kazi. Wanjala, mwenzetu wa ofisini, alifutwa mwaka jana kwa kosa hilo hilo.

Saa sita.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi safi, mvua tangu saa tisa mchana.

Mama Sylvia amepiga simu, sauti ya juu, mvua inapiga mabati. Kesho watakuja wote, hata wazee. "Kuna watu walikuwa na wasiwasi, mwanangu. Nimewaambia wanyamaze. Ramani ni ya Jael, na Jael alikunywa hapa." Nikasema ndiyo, Mama. Ndiyo tu!

Nimechukua ramani moja iliyochapishwa. Nimepima kwa rula, nikachora duara kwa kalamu nyekundu mahali pake. Nimeikunja na kuiweka kwenye mkoba pamoja na daftari la Januari.

Halafu nimeitoa. Nikaiweka kitandani, kando ya barua yangu ya kuajiriwa.

Saa nne ujumbe kutoka kwa Abigail: "Kesho tuvae tisheti za ofisi. Nitakushikia kiti mbele."

Sijajibu. Tisheti iko mlangoni, niliipiga pasi Jumapili.

Nimeirudisha ramani kwenye mkoba. Zipu sijafunga.

Mvua imekatika. Saa nane kasoro kumi. Nazima taa.